Nesi Aliyenivunja Mguu

Siku ya kwanza Nesi kunipiga nilikuwa mtu mzima, baba wa mtoto mmoja, mwenye duka lililoezekwa mabati mapya kando ya barabara ya Newala kwenda Tandahimba. Nilikuwa nammiminia petroli mwendesha bodaboda kutoka kwenye chupa ya maji ya kunywa, sigara ikining'inia mdomoni. Sikumwona akija. Nilisikia kibao, sigara ikaruka, na nilipogeuka nikaona raba nyeupe ikiisaga mchangani kana kwamba inaua nge.

"Una mtoto?" aliniuliza.

"Ninaye."

"Kamuulize anataka baba mwenye uso au asiye na uso."

Akaenda zake. Mwendesha bodaboda alicheka mpaka akainamia tangi la pikipiki yake. Nilikuwa mgeni mtaani, nilihamia na mke wangu miezi miwili tu nyuma, nikadhani yule mwanamke ana kichaa.

"Huyo ni Nesi," mteja wangu aliniambia akijifuta machozi. "Karibu Newala."

Baadaye nilijua kwamba karibu mtaa mzima ulikuwa umepita mikononi mwake. Hakubagua. Waislamu aliwapiga, na Wakristo aliokaa nao benchi moja kanisani kila Jumapili aliwapiga. Alikuwa amestaafu kazi ya hospitali, na kwa maisha yake mengi ya kazi aliwahudumia walioungua. Jina lake halikuwa na kazi tena. Hata wajukuu walimwita Nesi. Alikuwa mfupi, mwenye mikono mirefu isiyolingana na kimo chake, na alitembea na fimbo ya mpingo ambayo hakuihitaji kwa kutembelea. Mpingo ni mti mzito. Aliyewahi kuguswa na fimbo ile hakuhitaji kuelezwa mara mbili.

Kwanza alitumia pua. Akifika kwako, kabla ya hodi, husimama mlangoni, kichwa akiinua kidogo, akivuta hewa. Kisha macho yake hupanda darini na kuufuata waya kutoka kwenye mita hadi kwenye taa, kutoka kwenye taa hadi kwenye soketi, kama mtu anayesoma barua ya mbali. Akiridhika, ndipo anasema hodi na kuulizia hali ya watoto. Asiporidhika, humsikii akiuliza chochote. Alifanya hivyo misibani pia. Nimewahi kumwona akitoka katikati ya wanawake waliokuwa wanalia, akaenda kuchomoa plagi tatu zilizobebana kwenye soketi moja, akarudi mahali pake akaendelea kulia na wenzake.

Na alikosea mara nyingine. Kulikuwa na mzee mmoja jirani, mpole, aliyekuwa anapaka rangi mlango wake. Nesi alinusa harufu ya rangi akaidhania petroli, akaingia na fimbo, na mpaka alipofungua macho vizuri yule mzee alikuwa na uvimbe kichwani mkubwa kama limau. Hakuomba radhi. Kuomba radhi hakukuwamo katika viungo vyake. Kesho yake alimpelekea kuku, akamtupia uani, akaondoka bila neno.

Watu wanaomkumbuka kwa fimbo tu husahau mikono yake. Fundi cherehani wa nyuma ya duka langu aliwashiwa koroboi na mkewe jioni moja ili amalizie shati la mteja, na ile koroboi ikalipuka mezani, maana mafuta ya taa waliyouziwa yalikuwa yamechanganywa na petroli. Mkono wa kulia uliungua hadi kiwikoni. Mkewe, kwa hofu, alimpaka dawa ya meno mkono mzima. Nesi alifika mbio. Kwanza alimzaba mke kibao. Kisha akaingia nyumba ya jirani, akabeba ndoo ya maji ambayo bibi wa pale aliiweka kwa ajili ya kutawadha, hakuomba, hakueleza. Huku juu kwetu uwandani maji hayachezewi. Watu huyapanga foleni tangu alfajiri. Aliutumbukiza mkono wa fundi katika ile ndoo akaushikilia humo, maji yakipata joto anaamuru mengine, akimsimulia kwa sauti ya chini habari za mbuzi wake mmoja mtundu aliyekuwa akipanda juu ya paa la choo. Fundi aliniambia baadaye kwamba hakumbuki maumivu ya saa ile. Anamkumbuka mbuzi.

Alipohakikisha fundi amepelekwa hospitali, Nesi aliuliza mafuta yalinunuliwa wapi. Akaenda hapo dukani na kumtandika muuzaji mbele ya wateja wake mpaka fimbo ikamtoka mkononi, akaiokota, akaendelea.

Kwa jambo hilo aliitwa ofisi ya mtaa. Mwenyekiti alikuwa mtu wa heshima, alimwamkia kwanza.

"Shikamoo, Nesi."

"Marahaba."

"Mama yangu, huwezi kupiga watu. Sheria ipo."

"Sheria ipo hapa ofisini," Nesi alijibu. "Mimi nipo kule barabarani."

Walimwandikisha karatasi ya onyo. Aliisaini kwa mwandiko mzuri sana, ule wa watu waliosoma zamani, na kabla ya kutoka akasimama juu ya kiti cha mwenyekiti na kuonyesha kwa ncha ya fimbo mahali ambapo waya wa taa ya ofisi ulikuwa umechunika.

Lakini tukio linalosimuliwa zaidi pale mtaani ni la Mama Anastazia na kamba ya nguo. Mama Anastazia aliishi nyumba ya tatu kutoka kwangu na mumewe, seremala. Waya uliotoka kwenye nguzo kuingia nyumbani kwao ulikuwa umelegea, ukawa unasugua ukingo wa bati kila upepo ukivuma, mwaka hadi mwaka, mpaka mpira wake ukaisha. Hakuna aliyeona. Na kamba yao ya kuanikia haikuwa kamba. Ilikuwa waya wa kufungia nondo, ncha moja imefungwa kwenye mti, nyingine kwenye msumari wa lile bati.

Asubuhi hiyo manyunyu yalikuwa yamepita. Mama Anastazia alitupa kanga mbichi juu ya ule waya, akaushika ili aisawazishe. Umeme ukamshika. Hakupiga kelele. Alisimama tu, mkono juu, mwili mzima ukitetemeka, na macho yametoka. Mdogo wake aliyekuwa anafua alidhani dada yake kapandwa na degedege, akakimbia kumkumbatia.

Nesi alikuwa anapita njiani. Alimwahi yule mdogo mtu kwa teke la kiuno, akamwangusha kwenye beseni la nguo. Kisha akanyakua mchi mkavu uliokuwa umeegemezwa barazani karibu na kinu, akaunyanyua kwa mikono miwili, akaupiga mkono wa Mama Anastazia kwenye kifundo kwa nguvu zake zote. Mfupa ulilia. Vidole havikuachia. Akapiga tena. Mara ya pili mkono uliachia, mwanamke akaanguka kama gunia.

Seremala alitoka ndani wakati huo huo. Alichokiona ni mkewe yuko chini, shemeji yake analia ndani ya beseni, na Nesi amesimama juu yao na mchi. Hakuuliza. Alimpiga ngumi ya mdomo, na Nesi naye akaenda chini.

"Umeme, shemeji!" mdogo mtu akapata sauti. "Usiguse, ni umeme!"

Seremala aliganda. Nesi aliinuka taratibu, akatafuta mchangani meno yake mawili, akayafunga kwenye ncha ya kanga. Alipiga magoti kwa Mama Anastazia, akaweka sikio kifuani, akaminya kifua kwa viganja, akahesabu, akaminya, damu ya mdomo wake ikimdondokea yule mwanamke kwenye blauzi, mpaka Mama Anastazia akakohoa. Ndipo akamtazama mume.

"Ngumi yako nzuri," alisema. "Sasa kamwite fundi wa umeme, na usiguse ukuta wa nyumba hii mpaka aje."

Yule bwana alikaa chini akalia. Tangu siku hiyo aliyempiga Nesi akawa mtu wa kumchongea viti na kumtengenezea milango bila kuitwa.

Mimi nilimwona kwa karibu kuliko wengi kwa sababu ua wake ulipakana na wangu. Najua, kwa mfano, kwamba alivuta sigara. Moja tu, baada ya chakula cha mchana, nyuma ya choo, amekaa juu ya tofali na kopo la mchanga katikati ya miguu. Siku niliyomfuma kupitia tundu la ua hakushtuka.

"Ukisema, nakuua," alisema, akakung'uta majivu koponi.

Mwanawe wa Mtwara alimletea mtungi wa gesi ili aache moshi wa kuni. Aliukataza kuingia ndani. Aliufunga kwa mnyororo kwenye mlimao wa uani kama mbuzi, akawa anapikia hapo hapo, na mvua ikinyesha anapika chini ya turubai akiusemesha ule mtungi kwa Kimakua. Sijui aliuambia nini. Kimakua alikitumia akiwa na hasira sana au akiwa na furaha sana, na usoni mwake hizo mbili hazikutofautiana.

Sasa nifike kwenye langu.

Kwetu msimu wa kupulizia mikorosho ukifika, kila mtu anataka vitu viwili, salfa na petroli ya kuendeshea mashine ya kupulizia. Mimi niliuza vyote. Duka langu lilikuwa na vyumba viwili. Cha mbele kilikuwa cha bidhaa, cha nyuma niliweka mifuko ya salfa, na msimu ukipamba moto niliweka pia madumu ya petroli, maana wateja wa shamba huja mapema na hawataki kusubiri. Chumba hicho hakikuwa na mlango wa nje. Kilikuwa na dirisha moja nililolitia nondo nene, kwa ajili ya wezi.

Aliyenisaidia kazi ni mdogo wangu, Issa. Mama yetu alifariki kabla Issa hajaanza shule, na baba hakukaa, kwa hiyo mimi ndiye niliyemlea. Nilimfunga vifungo vya shati na baadaye nilimfundisha kunyoa ndevu. Alikuwa ameshakuwa mwanamume mrefu kuliko mimi, mcheshi, anachumbia binti wa Tandahimba. Mke wangu, Mama Zuhura, alimpenda kama ndugu wa tumbo moja.

Mwaka ule niliingiza friji la soda. Nafasi ilikuwa chumba cha nyuma tu, na huko hapakuwa na soketi. Nilikata waya wa taa, ule mwembamba, nikauunganisha na waya wa friji kwa kuusokota na vidole, nikaufunga kwa nailoni ya mfuko wa sukari, nikaupitisha juu ya mifuko ya salfa. Friji likanguruma. Niliona nimemaliza.

Nesi alikuja kununua chumvi. Nilimwona akisimama mlangoni, kichwa kikipanda. Kabla sijasema karibu, alishapita kaunta. Nilimfuata. Alikuwa amesimama katikati ya chumba cha nyuma akitazama madumu, kisha salfa, kisha ule waya. Alichomoa plagi. Akaushika waya kwa mikono miwili akaung'oa, na misumari yake ikaruka.

"Nesi, hapa ni kwangu!"

"Hapa ni kaburini," alisema. "Unalichimba kwa mikono yako."

Alilishika dumu la kwanza ili alitoe nje. Nilimvuta kwa bega, akanipiga fimbo ya mkono. Nami nikampiga. Kwa miaka mingi niliwaambia watu kwamba nilimsukuma tu akateleza. Sikumsukuma. Nilimpiga mwanamke mwenye umri wa mama yangu kwa kiganja kilichokunjuka, usoni, akaangukia kona ya rafu, nyusi ikapasuka.

Issa alisimama mlangoni akiwa ameziba mdomo kwa mkono.

Nesi aliketi sakafuni kidogo. Alijigusa juu ya jicho, akatazama vidole, akagusa tena.

"Nyuzi tatu," alisema. "Nne, zikizidi."

Akainuka kwa kushikilia rafu. Alipofika mlangoni aligeuka, damu imeshafika kidevuni.

"Kama huwezi kutoa vyote, toa salfa. Sikiliza, Baba Zuhura. Petroli inaunguza. Salfa ikiwaka inakaba. Anayeivuta hapigi hatua tatu."

Alipoondoka Issa alisema, "Kaka, tumwite fundi basi. Fundi wa kweli."

"Waya ni waya," nilimjibu. Na kabla ya adhuhuri nilikuwa nimeuunga tena vile vile.

Ilikuwa wiki ya pili baada ya hapo. Umeme ulikatika tangu asubuhi. Mama Zuhura alikwenda foleni ya maji na mtoto mgongoni. Wateja wa petroli walikuwa wengi, na Issa alikuwa chumba cha nyuma akimimina kutoka kwenye madumu kwenda kwenye chupa, akizipanga. Mimi nilikuwa nje barabarani nikimfungia mteja mfuko wa salfa kwenye baiskeli. Upande wa pili wa barabara palikuwa na kinyozi, na nilijua umeme umerudi kwa sababu redio yake iliamka ghafla katikati ya wimbo.

Kisha ukatoka mlio ndani ya duka langu. Haukuwa mkubwa. Ulikuwa kama mtu anakung'uta blanketi zito mara moja.

Moto ulitokea kwenye mlango wa chumba cha nyuma ukiwa umejaa mlango wote, ukafika kaunta kabla sijavuka mtaro. Nilimwita Issa. Rafu zilishika, vitenge, viberiti, kila kitu. Chupa zilipasuka moja moja. Halafu moshi ukaja, mweupe, mzito, na chini yake miali ya rangi ya buluu, na watu waliokuwa wanakuja kusaidia wakarudi nyuma wakikohoa na kujiziba nyuso.

Nilijitanda gunia bichi. Nilikuwa nimeshaweka mguu mmoja kizingitini. Nakumbuka joto la kile kizingiti kupitia ndala.

Pigo lilikuja kwenye muundi. Nilisikia mfupa ukikatika kabla ya kusikia maumivu. Nilianguka nje, kichwa barabarani, na nilipojiinua kwa mguu wa pili nilimwona Nesi ameinua fimbo tena, nyusi yake bado ina plasta, na akanipiga begani. Nilitambaa. Akanipiga mgongoni.

"Mkalieni!" aliwapigia kelele wanaume wawili. "Mkalieni, nawaambia, asiinuke!"

Wakanikalia. Seremala alikuwa mmoja wao. Nilimuuma mkono. Mtu alikuja na ndoo ya maji akayamwaga mlangoni, na petroli ikaelea juu ya maji ikiwaka, ikatiririka hadi mtaroni, nikamsikia Nesi akimchapa, "Mchanga! Mchanga, mjinga wewe!" Watu wakaanza kuchota mchanga kwa sinia, kwa viatu, kwa mikono. Baada ya hapo sikumwona. Mabati yalikuwa yanapinda na kulia juu yangu, na mimi nilikuwa napiga kelele za nguvu kiasi kwamba sikusikia sauti nyingine yoyote duniani.

Tulimzika Issa siku ya pili. Mimi nilibebwa kwenye kitanda cha kamba mpaka makaburini.

Watu wote waliniambia neno moja, kwamba alikufa papo hapo, hakuteseka. Nililishika neno hilo kama mtu anavyoshika ukuta gizani. Lakini lilikuwa na upande wa pili. Asingenizuia mtu, nilijisemea, hatua nne tu, ningemshika mkono. Siku ya tatu ya msiba, mbele ya mashehe na majirani, nilinyoosha kidole kwa upande wa wanawake alikokaa Nesi.

"Yule amemuua ndugu yangu," nilisema. "Kanivunja mguu ili nimtazame akiungua."

Nesi aliweka kikombe chini, akaendelea kukaa.

Mfupa wangu ulikuwa umetokeza nje ya ngozi, na hospitali walipomaliza kazi yao kidonda kilibaki cha kusafishwa. Kila baada ya siku moja Nesi alikuja. Mama Zuhura alimfungulia. Mimi niligeukia ukutani. Alifungua bandeji, akasafisha, akafunga, akaondoka, na katika majuma yote hayo hatukusemezana hata neno. Nilitamani aniumize nipate sababu. Hakuniumiza hata mara moja.

Duka nililijenga upya kwa taabu. Nauza majembe, misumari na mbegu. Umeme wake umefungwa na fundi, na petroli haijaingia tena. Mguu ulibaki mfupi kidogo, natembea nikiuburuta. Na Nesi sikumwamkia tena. Kwetu kumnyima mtu mzima shikamoo ni sawa na kumtemea mate, na mimi nilimtemea miaka na miaka, mchana kweupe, barabarani. Naye kila tulipopishana alisema "Marahaba," akijibu salamu ambayo sikuitoa, akaenda zake.

Macho yake yalipoanza kufifia, binti yake aliyeolewa Chiungutwa alikuja kumchukua. Fimbo zilikoma mtaani. Watu walianza tena kubananisha plagi, na nilijikuta mimi ndiye ninayeingia nyumba za watu nikitazama dari.

Ni yule kinyozi aliyeniamsha. Alikuwa ananinyoa, tunazungumza habari za bei za korosho, akasema kama mtu anayekumbuka jambo dogo, "Unajua siku ile ya moto, nilikimbilia nyuma ya duka lako kutafuta mchanga. Nesi alikuwa pale dirishani. Alikuwa anaongea."

"Na nani?"

Wembe ulisimama shingoni mwangu. "Sikujua," alisema. "Nilidhani anasali."

Sikukaa hata siku mbili. Niliteremka Masasi kwa basi, nikachukua pikipiki hadi Chiungutwa. Nilimkuta uani kwa binti yake, amekaa mkekani, anapukuchua kunde kwa vidole, macho yamefunikwa na utando mweupe. Sikuwa nimesema neno.

"Mguu huo naujua," alisema. "Ni kazi yangu."

"Shikamoo, Nesi."

"Marahaba," alisema. "Leo umeitoa mwenyewe."

Binti yake aliniwekea kigoda. Sikukikalia.

"Nimekuja kuuliza, mama. Uliponivunja mguu, Issa alikuwa amekwisha kufa?"

Vidole vyake viliendelea na ganda moja mpaka likaisha.

"Hapana," alisema. "Alikuwa hai."

"Kwa hiyo ningemtoa."

"Usingemtoa. Ungeanguka pale pale mlangoni, halafu seremala angekufuata, na mwingine angemfuata seremala. Nimewaona wodini, Baba Zuhura. Baba, mjomba, jirani, vitanda vimepangana, wote kwa mtu mmoja. Nilichagua. Sikukuficha kwa sababu ya woga. Hukuniuliza."

Nilitoka. Nilifika ilipo pikipiki, yule dereva akaniuliza kama tunaondoka. Nilishika kiti chake. Nilitaka kuvunja kitu. Kuku walikuwa wanaparura kando yangu, binti wa Nesi ananitazama na ungo mkononi. Sijui nilisimama kwa muda gani. Niliporudi, Nesi alikuwa hajasogea.

"Kinyozi anasema ulikuwa dirishani," nilisema. "Issa alisema kitu?"

"Alikuwa anaita."

"Ananiita mimi?"

Alitikisa kichwa.

"Alikuwa anamwita mama."

Neno hilo sikuwahi kulisikia kinywani mwa Issa tangu akiwa mtoto mdogo kabisa. Nilidhani alishalisahau.

"Nilijifunga kanga mikononi nikazishika zile nondo," Nesi alisema. "Hazikung'oka. Uliziweka vizuri mno. Yeye alikuwa ameegemea dirisha kwa ndani, mdomo kwenye hewa ya nje, haoni tena. Anaita mama, mama. Basi nikaitika. Kila alipoita, niliitika. Nipo, mwanangu. Mama nipo hapa. Mpaka akaacha kuita."

Nilikaa chini kwenye mkeka, karibu naye, nikalia kwa sauti uani kwa watu, nikiwa mtu mzima mwenye mvi. Nesi, aliyekuwa akimwamuru kila mtu, hakuniambia ninyamaze.